Mtupo wa Kuteka Maji

Niliondoka nyumbani asubuhi moja bila kujua ninakokwenda. Mama alikuwa jikoni akikoroga uji. Aliona nimevaa koti.

"Sasa unaenda wapi?"

"Hapo tu."

"Hapo ni wapi?"

"Hapo tu, mama."

Hakuuliza tena. Amenizoea. Tangu nilipoacha shule kidato cha pili nimekuwa mtu wa hapo tu. Hapo ikawa kiwanda cha nguo kule EPZ ya Athi River, nikishona mifuko ya suruali ambazo sikuwahi kuona mtu amezivaa. Ikawa machimbo ya mawe. Ikawa mashamba ya nyanya kando ya mfereji wa Yatta, halafu geti la watu Syokimau ambako kazi yangu ilikuwa kulifungua na kulifunga. Lakini asubuhi hiyo mama alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwanawe wa kiume pekee aliyebaki.

Kaka yangu tulimzika mvua zilipokuwa zikianza. Alianguka akichimba mashimo ya migomba. Mke wake alimkuta amelala ubavu kama mtu anayepumzika, jembe likiwa limesimama wima kwenye udongo karibu naye. Siku ya maziko nilishika sepeto kama wanaume wengine. Nilitazama viatu vya waliokuwa wakingoja niwaachie zamu, nikaona jinsi udongo mwekundu unavyong'ang'ania soli. Baadaye nilikula pilau, nikaongezewa, nikala tena. Shangazi mmoja alimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba huyu ni jiwe. Sikukasirika. Niligeuza lile neno kichwani nione kama litanigusa, halikunigusa, nikaenda kusaidia kupakia viti vya kukodi.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nililisha ng'ombe, nilipalilia kahawa, nilijibu pole za watu. Kilichonisumbua, kama kusumbuka ndilo neno lenyewe, ni kwamba nilikuwa nimeanza kusahau namna alivyokuwa akinijibu. Uso wake niliuona, koti lake nililiona, lakini majibu yalikuwa yakiniponyoka moja baada ya jingine. Na majibu ndiyo yaliyokuwa mtu mwenyewe, kwa kuwa mimi na kaka yangu hatukuwa watu wa kuongea mengi. Tulikuwa na ubishi mmoja tu, na tulibishana huo kwa miaka mingi. Niliona kwamba nisipopata upesi mtu wa kubishana naye, kaka yangu ataisha kabisa. Nilipoondoka asubuhi ile sikuwa na safari, nilikuwa na haja hiyo tu.

Ubishi wenyewe ulitoka kwa Bruda mmoja Mmarekani aliyekuja misheni yetu kabla hatujazaliwa. Nyuma ya kanisa alimwaga saruji, akasimamisha milingoti miwili, akaanzisha mpira wa vikapu huko juu kwenye kahawa, ambako hakuna mtu aliyekuwa ameuona. Sisi tulimkuta ameshazeeka. Mambo mengi aliwaachia vijana wakubwa watuonyeshe, lakini mtupo huru alikuwa akifundisha mwenyewe. Mchezaji akichezewa vibaya, anasimama kwenye mstari peke yake, hakuna wa kumzuia, anarusha. Bruda alikuwa akishika mpira kwa mikono miwili, anauteremsha katikati ya magoti, anakunja miguu kidogo, kisha anaupandisha polepole kutoka chini. Ulikuwa ukiingia karibu kila mara. Basi tukarusha hivyo. Baba zetu walikuwa wamerusha hivyo. Hatukujua kwamba kuna namna nyingine.

Bruda alipokwisha kuzikwa ndipo mpishi wa misheni alipotuambia kwamba mkono wake wa kulia haukuweza kupanda juu ya bega. Trekta ilikuwa imemwangukia huko kwao akiwa kijana. Kijiji kizima kilikuwa kimeiga bega bovu.

Lakini kabla hatujayajua hayo, shule yetu ilienda mashindano ya wilaya, Machakos mjini. Mwenzetu wa kwanza aliposimama kwenye mstari na kuinama, uwanja ulinyamaza, halafu mtu mmoja akapaza sauti: "Anateka maji!" Wakati wa kiangazi, huku kwetu, mto ukikauka watu huchimba mchanga mpaka maji yachuruzike chini ya shimo, na msichana huinama hapo na kata, anachota, anapandisha. Ndivyo tulivyoonekana. Uwanja mzima ukashika wimbo: teka, teka, teka! Mitupo yetu iliingia. Hakuna aliyejali. Tuliporudi nyumbani kila mtu alianza kujifunza kurusha kutoka juu ya kichwa kama wengine, mimi nikiwa miongoni mwao, na mitupo yetu ikaanza kukosa. Kaka yangu peke yake hakubadilisha. Alirusha kutoka chini akiwa kijana, akiwa mume wa mtu, na akiwa na ndevu zenye mvi, jioni, kwenye saruji ile ile iliyojaa nyufa.

Halafu zikaja simu zenye picha. Nilikuwa Athi River aliponipigia, anahema.

"Kuna mtu anateka maji Marekani!"

"Nani?"

"Yule mrefu! Yule wa zamani, mkubwa wao! Nimemwona kwa macho yangu!"

Tangu siku hiyo tulianza kuchimba habari za wachezaji wale wa zamani wa Marekani. Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha ubishi nikishauanza, na usiku wa kulinda geti ni mrefu. Niliwatazama katika filamu zisizo na rangi, zile zenye mikwaruzo: wanaume wenye kaptula fupi na viatu vya turubai, katika kumbi ndogo ambazo moshi wa sigara za watazamaji umetanda hadi juu. Walikuwa wakilipwa kwa mchezo, lakini kwa wengi malipo hayakutosha, kwa hiyo msimu ukiisha walikuwa wakiuza bima, wakiuza bia, wakifundisha shule. Walisafiri kwa treni na mabasi, na kucheza kesho yake wakiwa wamelala wamekaa. Nilipenda kwamba walikuwa kama sisi, watu wa hapo tu.

Na katikati yao kulikuwa na yule mrefu. Hakuna aliyemweza. Alifunga kama mvua. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mtupo huru. Akisimama kwenye mstari peke yake, bila wa kumzuia, alikuwa akikosa kama mtoto. Basi kuna msimu aliamua kurusha kutoka chini, kama Bruda. Ikaingia. Msimu huo alifunga kuliko alivyowahi kufunga. Halafu akaacha. Akarudi kurusha kutoka juu, akarudi kukosa, akakosa mpaka alipostaafu. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliona aibu, kwamba alijihisi kama msichana.

Huo ndio ulikuwa ubishi wetu. Mimi nilisema alifanya vizuri kuacha. Kaka yangu alisema hapana.

Kila niliporudi nyumbani, hata baada ya mwaka mzima, kaka yangu hakuwa akinisalimu. Alikuwa akitokea kati ya migomba na panga mkononi, ananiuliza:

"Kwa hivyo bado unasema alifanya vizuri?"

"Bado."

"Basi rudi ulikotoka."

Halafu ananipokea mkoba.

Asubuhi ile, basi, niliteremka hadi Kangundo. Ilikuwa siku ya soko. Kijana mmoja wa boda boda aliyekuwa amevaa fulana ya timu ya vikapu ya Marekani alikuwa ameegemea pikipiki yake, nikaona nianzie hapo.

"Niaje, mzae. Twende?"

"Siendi mahali. Hiyo fulana, unafuata huo mchezo?"

"Sana!"

Nilimwuliza juu ya wale wa zamani. Alicheka mpaka akashika tangi.

"Mzae, hao wako wangekulwa mzima mzima na hawa wa siku hizi. Si walikuwa wanacheza na wauza maziwa? Hata mimi ningewafunga. Hata wewe!"

Wenzake wakacheka naye. Nilijua kwamba kaka yangu alikuwa na jibu la maneno hayo hayo, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kumwambia hivyo ili kumchokoza, na jibu lake lilinifanya nikose la kusema. Nilisimama hapo nikalitafuta. Halikuja. Kijana akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, na nilikuwa sawa, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mteja mwenye kuku akaja, wakaondoka.

Nje ya soko kulikuwa na lori lenye kreti tupu, na dereva wake, mtu mnene wa kutoka upande wa Murang'a aliyehamia Matuu zamani, alikuwa akifunga turubai. Nilimsaidia upande wa pili wa kamba kwa sababu ulikuwa umelegea. Aliniuliza ninaenda wapi. Nikamwambia sijui.

"Mimi naenda mbele ya Matuu, hadi Kithyoko na kupita. Panda, lakini uongee. Turnboy wangu anayenipigia soga ni mgonjwa, na mimi nikinyamaziwa nalala."

Nikapanda. Kwa mara ya kwanza tangu maziko nilikuwa nimepewa kazi ya kuongea, nikaona huyu ndiye wa kubishana naye. Nilimweleza kila kitu: Bruda, trekta, kuteka maji, yule mrefu, aibu yake. Tuliteremka kutoka kwenye kahawa, joto likapanda, miti ikawa mifupi na yenye miiba. Nilimaliza kwa kumwambia kwamba mimi naona alifanya vizuri kuacha, kwa sababu mtu hawezi kukaa mahali anapochekwa.

"Kweli kabisa," dereva akasema.

"Unaona hivyo?"

"Kabisa kabisa. Mwanamume ni heshima."

Nikangoja. Basi nikasema labda hakufanya vizuri, maana alikuwa amepata dawa ya ugonjwa wake akaitupa kwa sababu ya kelele za watu.

"Hapo pia umesema kweli," akasema. "Kelele za watu hazijengi nyumba."

"Lakini hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote."

"Kwa nini yasiwe? Kila mtu na yake, ndugu yangu. Wewe endelea tu kuongea."

Nikaendelea. Nilibadilisha upande mara kadhaa, naye akanifuata kila upande kama trela. Alikuwa mtu mwema. Tulipopita Matuu alininunulia maji ya chupa. Lakini huwezi kubishana na mtu anayekubali, na kufikia hapo sauti yangu mwenyewe ilikuwa imenichosha. Nilitazama nje. Nilijaribu kumwona kaka yangu akitokea kati ya migomba, nikaona migomba.

Kithyoko nilimwambia anishushe. Hakukuwa na sababu, isipokuwa kwamba koo lilikuwa limekauka na yeye alikuwa ameshaamka vizuri. Ni soko la kando ya barabara: mbuzi, magunia ya makaa, samaki wa kukaanga waliotoka upande wa Tana, maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nilitembea nyuma ya maduka nikitafuta mahali pa kulala, nikapita mageti mawili yaliyoandikwa vyumba viko. Sikuingia. Geti la tatu halikuwa na maandishi, lakini juu ya ukuta wake niliona ubao, na kwenye ubao pete ya chuma iliyokatwa kutoka kwenye pipa. Nikabisha hapo.

Ndani kulikuwa na vyumba vya mabati katika safu moja, na uwanja wa udongo uliofagiliwa. Mama mmoja mzee, mrefu sana hata akiwa amekaa, alikuwa kwenye kigoda akipukuchua mbaazi kwenye ungo. Miguu yake ilinyooka mbele yake kama ya mtu mwingine.

"Wakya," akanisalimu kwa Kikamba, bila kuinua kichwa.

"Aa," nikaitikia. "Mwaitu, mama yangu, natafuta chumba."

"Umetoka wapi?"

"Kangundo."

"Na huko hakuna vyumba?"

Mpira ulikuwa ukutani karibu na pipa la maji, umekwisha upepo kidogo. Nadhani niliuokota ili mikono iwe na kazi wakati yeye anafikiria. Kulikuwa na mstari umechorwa kwa majivu. Nilisimama hapo, na kabla sijafikiri mpira ulikuwa katikati ya magoti yangu. Sikuwa nimerusha hivyo tangu shule. Ulipanda vizuri, ukagonga pete, ukaenda kwenye kuku.

Mama mzee alicheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Aiyee! Wewe mwanamume mzima, na unateka maji kwangu! Nani alikufundisha hiyo?"

"Bruda mmoja."

"Bruda alikudanganya. Mimi nilicheza basiketi Nairobi nikiwa karani, siku hizo hata kaptula ya wasichana ilikuwa vita. Kocha wetu alikuwa amesoma Marekani. Alituambia kuna mtu mmoja huko, mrefu kama mlingoti wa stima, alijaribu hiyo yako. Akaacha! Na alifanya vizuri kuacha."

Niligeuka. Kuku walikuwa wakikimbia na mimi nikasahau kuufuata mpira.

"Kwa nini alifanya vizuri?" nikauliza.

"Kwa sababu watu walikuwa wanamcheka."

"Lakini ilikuwa inaingia."

"Iingie, isiingie! Wewe unajua watu weusi wa siku hizo walikuwa wanaishi aje huko? Unacheza, watu wanapiga makofi, halafu timu inafika mji mwingine na hoteli inasema wazungu waingie, wewe hapana, hakuna chumba. Unaenda kulala kwa watu usiowajua. Sasa mtu kama huyo, kesho yake asimame mbele ya watu wale wale, ainame kama msichana mtoni wamcheke? Kwa sababu ya pointi? Aende huko! Mimi ningeacha pia."

Alikuwa amechukua upande wangu. Lakini alikuwa ameuchukua vizuri kuliko mimi. Katika miaka yote ile mimi na kaka yangu tulijua habari ya hoteli, tulikuwa tumeisoma, tukatikisa vichwa, na hakuna hata siku moja tuliyoiweka kwenye ubishi. Nilisimama kwenye mstari wa majivu nikaona kwamba upande wangu umejaa. Umekaliwa. Uliokuwa wazi ni ule mwingine.

"Hapana, mwaitu," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hapo ndipo hakupaswa kuacha. Waliomnyima chumba walishamcheka kicheko kikubwa kuliko vyote. Cha uwanjani kingemfanya nini? Hicho cha uwanjani kilikuwa kidogo. Na kile kidogo ndicho alichokitii."

Maneno yalitoka haraka, na hayakuwa na mwendo wangu. Mimi husema polepole, naanza na labda. Haya yalitoka kama mtu anayekata mgomba. Kaka yangu hakuwahi kuyasema, asingeweza kuyasema, kwa kuwa hakuna aliyemwekea habari ya hoteli mbele. Lakini kama ingewekwa, angejibu hivyo, na mwishoni angeinua kidevu. Nikagundua kwamba nimeinua kidevu.

Mama mzee aliacha kupukuchua. "Wewe unabishana kama mtu wa kanisa letu," akasema. "Unafikiri hivyo kweli?"

"Hapana. Mimi nafikiri kama wewe."

"Kwa hivyo unanisumbua bure?"

"Ni kaka yangu anayefikiri hivyo."

"Basi mlete tubishane na yeye. Wewe nitakupa chumba."

"Amefariki."

Alinitazama, halafu akatazama ungo wake. Hakusema pole. Aliokota mbaazi zilizomwagika, moja moja, akazipuliza vumbi.

"Kaka yako alikuwa mjinga," akasema baadaye. "Mwambie nimesema hivyo. Aibu haina ndogo na kubwa."

"Iko ndogo na kubwa."

"Haina!"

"Mwaitu, iko."

"Chumba cha mwisho, kile cha mlango wa buluu," akasema, akanirushia ufunguo. "Choo ni huko nyuma. Usipikie ndani, niko na dari ya kartoni. Na toa mpira wangu kwa kuku."

Nilitoa mpira kwa kuku. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, godoro lililofunikwa plastiki, msumari mmoja ukutani. Nilitundika koti. Nilivua viatu, nikalala chali, nikatazama kartoni za darini, zilizokuwa zimetoka kwenye masanduku ya sabuni. Nilingoja kama nilivyongoja siku ya maziko, nione kama kitu kitakuja. Hakikuja. Mwili ulikuwa ule ule, kama umekaa kwenye maji baridi kwa muda mrefu.

Nje nilisikia geti likifunguliwa, pikipiki ikisukumwa ndani, na sauti ya mwanamume ikimsalimu mama mzee. Mpangaji mwingine, fundi labda, kwa sababu alikuwa akimweleza juu ya karbureta. Mama mzee hakumpa nafasi.

"Niko na mgeni hapo kwa mwisho. Iko na kichwa ngumu! Ati anasema mtu akishanyimwa chumba, hapaswi kuona aibu ya kitu kingine chochote maisha yake yote."

"Hiyo nayo si kweli," fundi akasema.

"Si nimemwambia!"

Niliinuka kitandani. Kaka yangu hakuwa amesema hivyo. Alisema kicheko kidogo, alisema kutii. Alichosema kilikuwa na mipaka yake, na huyu mama alikuwa amekivua mipaka yote akamfanya aonekane mjinga mbele ya mtu asiyemjua. Sikuhisi huzuni. Nilihisi tu kwamba amekosewa.

Nikavaa viatu tena, nikafungua mlango wa buluu.

"Mwaitu," nikasema, "hapana, hakusema hivyo."